Hakimu Aliyejitoa

Basi la kutoka Mbeya lilichelewa kwa saa mbili na nusu, na Jumamosi ile stendi ya Mbezi Luis ilikuwa imefurika watu hata pa kuweka mguu hapakuonekana. Vipaza sauti vilishindana na wapiga debe, wauza maji walipenya katikati ya masanduku, na kila mwenye ndugu ndani ya basi aling'ang'ania kusimama mbele. Tusajigwe Mwakyusa hakuwa na ndugu ndani ya basi. Alikuwa na gunia. Mama yake aliyeko Tukuyu alimtumia viazi kila baada ya miezi miwili, kana kwamba Dar es Salaam nzima haina soko, na kila mara yeye alikwenda kuvipokea bila kulalamika.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mrefu, nywele amezikata fupi, na siku hiyo alivaa gauni la kitenge la zambarau na raba nyeupe ambazo vumbi la stendi lilikuwa limeshazibadilisha rangi. Gunia liliposhushwa alilidaka. Mkono mwingine ukalidaka upande wa pili.

"Sista, hilo ni la kwangu," mwenye mkono alisema.

Alikuwa kijana wa makamo hivi, mpana wa mabega, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, ila kucha zake zilikuwa na weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni. Tusajigwe hakuachia. Jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito lilikuwa limefutwa na mvua ya njiani, limebaki doa tu.

"Una ushahidi gani?" alimuuliza.

Yule kaka akacheka. Akasema walifungue, dada yake aliyeko Makete alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba juu ya viazi ameweka sweta, maana huyo dada hajawahi kufika Dar na anaamini kila mtu duniani husikia baridi. Wakafungua. Sweta ikatokea, ya kijani, nzito, imefumwa kwa mkono, na ndani ya lile joto la mwezi wa kwanza wote wawili wakaitazama jinsi ilivyo, kisha wakacheka mpaka kondakta akawaomba wapishe mizigo mingine. Gunia la Tusajigwe lilishushwa la mwisho. Yule kaka, aliyejitambulisha kwa jina la Gibson, alilibeba begani mpaka kwenye bajaji, na alipoomba namba ya simu alisema ni kwa ajili ya kuulizia afya ya viazi.

Aliulizia jioni ileile. Akaulizia na kesho yake. Baada ya wiki mbili hakuna aliyekuwa akitaja viazi tena.

Gibson alikuwa fundi wa majokofu, ana kibanda chake Tandika, na alipenda kuieleza kazi yake kama daktari anavyoeleza wagonjwa wake. Alipomuuliza Tusajigwe anafanya kazi gani, Tusajigwe alijibu kwamba yuko serikalini, mambo ya makaratasi. Haukuwa uongo. Gibson akamwita Bi Makaratasi tangu siku hiyo.

Kila Jumapili walivuka kwa kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni, wakala samaki wa kukaanga kwa vidole, wakatembea. Jumapili moja Gibson alipanda kivuko amevaa ile sweta ya kijani, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, eti anapiga picha ya kumtumia dada. Tusajigwe alicheka hadi akamshika mkono ili asianguke, na akasahau kuuachia mpaka walipofika ng'ambo.

Jambo ambalo hakulisema ni kwamba makaratasi yale yalikuwa majalada, na kwamba kila asubuhi watu walisimama alipoingia chumbani. Tusajigwe alikuwa hakimu katika mahakama ya mwanzo mojawapo huku Temeke. Kwake waliletwa waume na wake waliochokana, ndugu waliogombea mirathi kabla arobaini ya marehemu haijafika, majirani waliotukanana kwenye bomba la maji, wezi wa kuku na waliopasuana vichwa. Wengi walikuja na kandambili, wakajieleza wenyewe kwa Kiswahili chao cha kila siku, na uamuzi aliouandika kwa mkono ndio uliokuwa serikali yote waliyowahi kuiona kwa macho.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Injinia mmoja aliyewahi kumchumbia alimletea kesi ya binamu yake walipokutana kwa mara ya tatu, mezani, kabla hata chakula hakijafika. Mwalimu mmoja aliyemfuata huyo, alipojua tu, alianza kusimama kila Tusajigwe anapotoka msalani. Ndiyo maana alipanga chumba na sebule Kinondoni, mbali na watu wa mahakama yake, na ndiyo maana alipenda Kigamboni, ambako hakuna aliyemjua.

Jumapili ya mwisho kabla mambo hayajaharibika, wakiwa wanarudi na kivuko, Gibson alimsogelea sikioni akamwambia anampenda. Hakufanya mzaha wowote.

Tusajigwe alitazama maji. "Nimesikia," alisema.

"Umesikia ndiyo jibu gani, mama?"

"Jumapili ijayo nitakujibu. Kuna kitu nataka nikwambie kwanza."

Aliazimia kweli kumwambia. Lakini Jumatatu jioni Gibson hakupiga simu, na Jumanne simu yake haikupatikana kutwa nzima.

Jumatano asubuhi karani wake, dada mmoja wa Mtoni aitwaye Tunu, alimwekea mezani majalada mapya yaliyotoka polisi. La tatu lilikuwa la shambulio la kudhuru mwili. Mlalamikaji, Apolinari Rweyemamu, mwenye duka la vinywaji Tandika. Mshtakiwa, Gibson Elia Sanga, fundi. Tusajigwe alisoma jina hilo mara mbili, akajiambia kwamba Wakinga wa Makete wanaoitwa Gibson mjini hapa ni wengi. Kisha mlango ukafunguliwa na mshtakiwa akaingizwa.

Alikuwa na shati lilelile jeupe, sasa limekunjamana kwa kulala mahabusu, viatu havina kamba. Alipoinua macho akamwona aliyekaa pale juu, amevaa koti jeusi na blauzi nyeupe iliyofungwa hadi shingoni, alitabasamu kwanza. Ni tabasamu la mtu aliyepotea akaona uso anaoujua. Halafu kikao kikafunguliwa, watu wote wakasimama, Tunu akatamka "Mheshimiwa", na tabasamu lile likafa taratibu.

Tusajigwe aliwaambia watu wakae. Aliinama kwa Tunu akamnong'oneza kwamba anajitoa, na Tunu, aliyeshaona mengi katika chumba kile, akamshauri aandike tu sababu binafsi, yaishe. Ilikuwa njia rahisi, na isingekuwa kosa. Lakini Tusajigwe alimtazama Apolinari, baba wa miaka hamsini na kitu, mkono umefungwa plasta, meno mawili ya mbele hayapo, akamwona anavyogeuza shingo kumwangalia hakimu, kisha mshtakiwa, kisha hakimu tena. Alikuwa ameliona lile tabasamu. Mtu yule angekwenda na nusu ya habari mpaka Tandika, na nusu nyingine wangemjazia watu.

Basi akashika kalamu. Alisema kwa sauti na kuandika hapohapo, neno kwa neno.

"Kabla shitaka halijasomwa, mahakama ina jambo la kueleza. Mshtakiwa ni mtu ninayemfahamu. Si kwa jina wala kwa ujirani. Tuna mahusiano ya kimapenzi kwa miezi minne sasa, na ninampenda. Kwa hiyo siwezi kusikiliza shauri hili. Jalada lirudi kwa hakimu mfawidhi leo hii, alipangie mtu mwingine."

Mabenchi yakaanza kulia kwa watu kugeukiana. Apolinari alinyoosha mkono wake mzima.

"Mheshimiwa, kwa hiyo mie nimeshindwa?"

"Hapana, mzee. Shauri lako halijaanza. Litaanza mbele ya mtu asiyemjua yeye wala wewe."

Gibson alikuwa akimtazama kama vile mtu anavyotazama nyumba yake iliyobadilishwa rangi akiwa safarini.

Hakimu mfawidhi, mkuu wa mahakama ile, Mheshimiwa Khalfani, alilichukua shauri lile mwenyewe. Alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, mwenye sauti ndogo, aliyesifika kwa kutocheka kazini. Asubuhi ileile alisoma shitaka, Gibson akakana, akapewa dhamana kwa wadhamini wawili wa mtaani kwake. Jioni, jua bado lipo, simu ya Tusajigwe ikaita.

"Bi Makaratasi," Gibson alisema. Jina hilo halikuwa na utani safari hii.

"Gibson, nisikilize. Shauri likiwa linaendelea, mie na wewe hatuwezi kuongea. Hatuwezi kukutana. Hata salamu."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

Alimsikia akipumua. Nyuma yake kulikuwa na kelele za mtaa, mtu akigonga bati.

"Sijampiga yule mzee," Gibson alisema. "Nataka ulijue hilo tu. Alinikaba shati kwa ajili ya friji lake, nikajitoa, akajikwaa kwenye mtungi wa gesi. Niambie basi nimlete nani aseme. Sijawahi kusimama mahakamani mie."

Tusajigwe alijua kabisa amlete nani na aseme nini. Alijua swali gani lingeulizwa kuhusu mtungi na swali gani lingemnyamazisha mlalamikaji. Maneno yalimjaa mdomoni. "Yote hayo mwambie hakimu wako," alisema. "Mimi usiniambie."

Bati likagongwa tena.

"Nilikwambia nakupenda ukasema umesikia," Gibson alisema mwishowe. "Kumbe ulikuwa unasikiliza shauri." Akakata simu.

Hakupiga tena. Tusajigwe naye hakupiga.

Miezi miwili ilipita hivyo. Mtaani Tandika habari zilikwenda mbio, na Gibson aliaminishwa na kila mteja kwamba hakimu hawezi kuolewa na mtu wa spana, kwamba alikuwa akijistarehesha tu, na kwamba alipomwona na pingu aliona aibu akamtupa mbele za watu. Kuna siku aliyakataa maneno hayo na kuna siku aliyaamini. Alichokishika zaidi ni kwamba alifichwa kazi yake miezi minne, na kwamba siku aliyomhitaji alinyimwa hata salamu.

Kinondoni nako mambo hayakuwa mepesi. Mama alipiga kutoka Tukuyu kuuliza kama viazi vimefika salama, akamsikia mwanawe sauti imekauka, akamchimba mpaka akajua yote. Mama hakuona ugumu ulipo. Akamuuliza kwa nini asiongee na huyo mkubwa wake, neno moja tu, la kumwombea kijana wa watu ambaye hana kosa.

"Mama, nina uhakika gani kwamba hana kosa?" Tusajigwe alimjibu. "Kwa kuwa nampenda?"

Kisha akamsimulia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Masasi. Siku moja bibi mmoja aliitwa kutoa ushahidi, na kabla ya kula kiapo alimuuliza hakimu yeye ni mtoto wa nani pale Masasi. Watu walicheka, karani akataka kumkemea. Tusajigwe alimjibu kwamba yeye si mtoto wa mtu yeyote wa pale. Bibi akashusha pumzi, akajiweka sawa kitini, akaanza kueleza. Kitu pekee alichokuwa akikitafuta mahakamani ni mtu asiye ndugu wa yeyote. "Nikimwendea Khalfani," Tusajigwe alisema, "nitakuwa nimemnyang'anya yule mzee mwenye plasta kitu hichohicho."

Mama akasema atamwombea kwa Mungu, maana huko hakuna aliyekataza.

Kazini ilikuwa mateso ya aina yake. Kila siku saa nne yeye na Khalfani walikunywa chai kwenye baraza la mahakama, na kila siku waliongea habari za paa linalovuja na uhaba wa karatasi. Khalfani hakutaja shauri lile hata mara moja, wala Tusajigwe hakuuliza. Kuna asubuhi moja alimwona akitoka na jalada kwapani, Tunu nyuma yake, wazee wawili washauri wa mahakama mbele, wote wakaingia kwenye gari la kukodi. Walirudi saa saba viatu vimejaa vumbi, na suruali ya Khalfani ilikuwa na doa la grisi gotini. Tusajigwe aliliona doa lile, akageuza macho yake kwenye kikombe.

Siku ya hukumu ilikuwa Jumanne. Chumba chake na cha Khalfani vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Saa tatu na nusu yeye mwenyewe alikuwa na shauri la mirathi, kaka na dada wakigombea usimamizi wa nyumba ya baba yao, na dada ndiye aliyekuwa akitoa ushahidi. Upande wa pili viti vikaburuzwa. Watu wakasimama, wakakaa. Sauti ndogo ya Khalfani ikaanza kusoma, na Tusajigwe akaisikia ikipanda na kushuka bila kulipata hata neno moja.

Alimwomba dada arudie jibu lake. Akaliandika. Akaona kwamba ameliandika mara mbili, akafuta mstari mmoja. Sauti ya upande wa pili iliendelea dakika tano, kumi, kumi na tano. Khalfani alikuwa na tabia ya kueleza sababu zote kabla ya kutaja matokeo, na siku hiyo Tusajigwe, ambaye mwenyewe aliandika hukumu zake vivyo hivyo, aliichukia tabia hiyo. Halafu kukawa kimya. Halafu mwanamke akaangua kilio.

Kilio kile hakikuwa na maelezo. Kingeweza kuwa cha furaha, kingeweza kuwa cha msiba. Tusajigwe alisikia miguu ikitoka, mlango ukibamizwa, watu wakiongea kwa pamoja uani, na aliyekuwa mbele yake alikuwa dada wa watu anayesubiri, mikono ameikunja, naye pia maisha yake yote yako kwenye meza hii. Akamwambia aendelee. Akamsikiliza. Alimsikiliza yeye na kaka yake kwa dakika arobaini, hakuruka swali hata moja, akapanga tarehe, akawaruhusu, na ndipo alipoinuka.

Alipotoka barazani, Gibson alikuwa akivuka geti. Alikuwa peke yake, hakuna askari pembeni, mikono yake miwili inaning'inia huru. Mwanamke mnene mwenye khanga kiunoni alimfuata akijifuta macho na kucheka. Gibson hakugeuka nyuma.

Tusajigwe alikaa kwenye ngazi. Tunu akamletea maji, akamwambia taratibu kwamba ameachiwa huru, hana hatia, na mlalamikaji ana siku thelathini za kukata rufaa. Tusajigwe alikunywa maji yote, kisha akalia kidogo, kwa aibu, uso ameuelekeza ukutani. Ilikuwa nafuu kubwa kiasi kwamba kwa siku mbili tatu hakukumbuka kwamba mwenyewe bado ameachwa.

Zile siku thelathini alizihesabu moja moja. Hakumpigia Gibson; rufaa ingeweza kuja, na ikija asingetaka mtu aseme hakimu alionekana akisherehekea. Gibson naye hakupiga. Siku ya thelathini na moja ilikuwa Ijumaa. Alimuuliza Tunu kama kuna kilichoingia. Hakikuingia kitu.

Jumamosi alivaa gauni jepesi la bluu bahari, hereni ndogo za dhahabu alizopewa na marehemu baba yake, akafunga kilemba cheupe, akavua kilemba, akakifunga tena. Saa tano alikuwa Tandika.

Kibanda cha fundi hakikuwa kigumu kupatikana. Majokofu yalipangwa nje kama foleni ya wagonjwa. Gibson alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji la soda, tochi mdomoni. Na kwenye benchi mbele yake, mguu juu ya mguu, amekaa Apolinari Rweyemamu. Plasta haikuwepo mkononi, na meno mapya mawili yalikuwa meupe kuliko mengine.

Tusajigwe alisimama. Apolinari ndiye aliyemwona kwanza, akainuka kwa heshima.

"Shikamoo, mzee," Tusajigwe alisema, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba, Mheshimiwa. Karibu ukae. Ni friji langu, lilelile lililotugombanisha. Nimezunguka mafundi watatu, hakuna aliyeliweza."

Gibson alitoa tochi mdomoni. Hakuinuka. Tusajigwe akakaa pembeni mwa benchi, na Apolinari akaona ni juu yake kuongea. Akasema kwamba zile siku thelathini za rufaa alikaa nazo. Alifika hata kwa mtu anayeandika barua za mahakamani. Alitaka kulalamika, na alipoulizwa analalamikia nini akakosa la kusema.

"Mie nimezoea," Apolinari alisema. "Ukishindwa mahali unasema mwenzangu alikuwa na mtu wake. Sasa hapa mtu wake nilimwona kwa macho yangu. Alitoka mwenyewe, akasema mbele yetu sote kwamba anampenda. Na yule aliyebaki alikuja mpaka hapa, akapiga magoti sakafuni na suruali yake, akapima mtungi ulipokuwa na mie nilipoangukia. Mama Flaviana, jirani yetu hapa, akamwonyesha kutoka kwenye genge lake alivyoona. Akanisomea, nikaona ni kweli, nilijikwaa. Siku ile nilikuwa na hasira, nilihisi nimepigwa. Nimrushie nani lawama?"

Akajikohoza. Akasema anakwenda kwa Mama Flaviana kunywa chai, ingawa kikombe chake kilikuwa palepale miguuni, kimejaa.

Gibson alifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Aliniambia hayo wiki iliyopita," alisema. "Alipolileta friji. Nikakaa hapa nikafikiri. Kama ungempigia mkubwa wako simu, hata kama ni kumsalimia tu, leo hii mtaa mzima ungesema fundi kaokolewa na mwanamke. Ningekuwa nje, lakini ningekuwa mwizi wa kesi mpaka nakufa. Sasa huyu mzee mwenyewe ndiye ananitangaza kwamba sina kosa. Anamwambia kila anayekuja kununua soda."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ningeanzia wapi? Nilikutukana kwenye simu." Akamtazama sasa, vizuri, kwa mara ya kwanza. "Halafu bado nina donge. Miezi minne, Tusa. Nimekueleza mpaka mambo ya mama yangu alivyokufa. Wewe ukanipa makaratasi."

"Una haki," Tusajigwe alisema. "Niliogopa utabadilika. Wote walibadilika. Nilitaka nipate miezi michache ya mtu anayenicheka. Nilikosea, na naomba unisamehe."

Gibson aliinamisha kichwa. Kisha akavuta ndoo ya rangi iliyogeuzwa, akakaa juu yake, magoti yake yakigusana na ya Tusajigwe.

"Siku ile kizimbani," alisema, "sikusikia kitu. Nilisikia Mheshimiwa tu, masikio yakaziba. Jioni Mama Flaviana ndiye aliyeniambia ulichosema. Nikadhani ananipoza. Ulikisema kweli?"

"Nilikisema, na nikakiandika kwa mkono wangu."

"Na bado ni kweli?"

"Bado ni kweli."

Jirani alikuwa amefungulia muziki wa singeli kwa sauti iliyotikisa bati, na Gibson alilazimika kumsogelea ili asipayuke. Alimwambia kwamba mwezi ujao anakwenda Makete kumwona dada yake, na Makete na Tukuyu si mbali kwa mtu mwenye nia. Anataka kufika kwao, yeye na baba yake mdogo, wakae na wazee wa Mwakyusa waongee. Kama yeye Tusajigwe anataka.

Tusajigwe alimwambia kwanza asikilize. Akioa hakimu, watu watakuja kibandani kwake. Watamletea majokofu mazima eti yameharibika, ili wapate nafasi ya kumpa maneno ya kumfikishia mkewe. Watamletea kuku. Ndugu zake wa damu watamwomba, na atawanyima, na watanuna.

"Nitawaambia mahakama inafunguliwa saa mbili asubuhi, waende na miguu yao," Gibson alisema. "Hilo naliweza. Lililobaki ni lako. Unataka?"

"Nataka."

"Sijasikia, hii singeli."

Alikuwa amesikia vizuri sana, ilionekana machoni. Tusajigwe akavuta pumzi akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka benchi la nyuma kwamba ndiyo, anataka, aje na baba yake mdogo na asichelewe. Ilitokea kwamba jirani alikuwa anabadilisha wimbo. Mtaa mzima ukasikia. Kutoka kwenye genge Mama Flaviana alipiga kigelegele, na wasichana wawili waliokuwa wakichambua mboga wakamwitikia bila hata kujua ni cha nini.

Tusajigwe alijifunika uso kwa viganja vyake, akicheka. Gibson akamshika mikono, akaishusha, grisi ikabaki kwenye vidole vyake, hakuna aliyejali.

Apolinari alirudi na chai yake, akawakuta hivyo. Alikohoa kwa adabu. Akawapa hongera wote wawili, akamwita Tusajigwe shemeji badala ya Mheshimiwa, kisha akamkumbusha fundi kwamba duka liko wazi na soda ziko juani.

Basi Gibson akarudi nyuma ya friji. Alikaza skrubu mbili, akachomeka waya ukutani. Friji likakohoa, likanyamaza, likaanza kuvuma. Wakasubiri watatu kwenye benchi moja, Tusajigwe katikati, amevua viatu, bega lake limelala kwenye bega la fundi. Baada ya robo saa Apolinari alifungua mlango, akaingiza mkono wake uliovunjika siku ile, akautuliza humo ndani.

"Limeshika baridi," alisema. "Haya, endeleeni na habari zenu."